Nia ya Mtu Asiyekuwepo

Mjukuu wangu alikuwa anajibu kila swali la shule isipokuwa la aina moja, na hilo lilikuwa karibu kumwangusha kwenye mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Hesabu anajibu. Mito ya Kongo anaitaja bila kupumua. Kifaransa kinamtoka mdomoni kama mahindi yanayomwagwa juu ya bati. Lakini wakimpa habari ya kusoma, halafu chini yake waulize, "Mwandishi alikuwa na nia gani?", anaweka kalamu chini na kuacha pale peupe.

Katika nyumba yangu, hapa Karuba, hakuna aliyewahi kufika kwenye mtihani huo. Mimi niliacha shule mwaka wa pili, siku walipotafuta mtu wa kushika ndama wakati wa kukamua. Kusoma najua, kwa kidole, na kuandika hivi hivi, polepole. Mama wa huyu msichana alikufa kwa homa mtoto akiwa bado ananyonya, nikamlea mimi kwa maziwa ya ng'ombe. Ana miguu mirefu, hasemi sana, na akikutazama unajiuliza umefanya nini. Nilitangaza mbele ya watu wote, asubuhi pale wamotari, waendesha pikipiki, wanapofunga bidoni, yaani madumu ya maziwa ya kushusha mjini Sake, kwamba huyu atavaa sare ya sekondari. Wanawake walinisikia. Wanawake wa huku hawasahau kitu, hasa kitu kitakachokuaibisha.

Basi mwalimu wake aliponiita, nilioga, nikafunga kitenge cha misa, nikaenda.

Mwalimu ni kijana wa upande wa Butembo, mtoto wa watu wa maduka. Tunamtania kwamba watu wa kwao wakizaliwa wanauliza kwanza bei ya mkunga. Yeye hutujibu kwamba watu wa kwetu wakifa wanauliza kwanza ng'ombe wamelala wapi. Siku ile hakutania. Alinikalisha kwenye benchi la watoto, magoti yangu yakanigonga kidevu, akafungua kaye, daftari la mjukuu wangu.

Habari yenyewe aliiandika ubaoni, watoto wakainakili. Ilikuwa kwa Kifaransa, nikamwomba anipe kwa Kiswahili. Mtu mmoja anarudi kwao kutoka mbali, na mzigo mgongoni. Ukungu unamkuta mlimani. Anasikia miguu nyuma yake. Akisimama, ile miguu inasimama. Akienda, inakwenda. Anatoka pembeni ya njia na kusema, "Pita." Hakuna anayepita. Anafika nyumbani, mama yake anafungua mlango, anamtazama yeye, anatazama nyuma yake, hasemi neno. Anamimina maziwa katika vikombe viwili.

Nikangoja. Mwalimu akasema imeisha hapo.

Nilimuuliza huyo wa nyuma alikuwa nani. Akasema habari haisemi. Nikamuuliza aliyeandika ni nani. Akasema hakuna jina, aliitoa katika kitabu cha zamani cha mazoezi.

"Na uyo mwenye aliandika, iko muzima ao alikufa?" nikamuuliza.

Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. "Mama," akasema, "njo ile ile mutoto aliniuliza."

Akanionyesha majibu. Swali la kwanza, sawa. Swali la pili, "Mtu yule alibeba nini?", kalamu nyekundu. Mjukuu wangu aliandika kwamba alibeba fromaji, jibini ile tunayotengeneza hapa kwetu.

"Hakuna fromaji humu, Mama. Ni muzigo tu. Nimesoma na nimerudilia kusoma."

Nilijua fromaji ilitoka wapi. Na swali la nne, lile la nia, palikuwa peupe. Chini yake mwalimu alikuwa amewapa majibu ya kuchagua: kufundisha, kufurahisha, kushawishi. Kuweka alama tu. Hata mbuzi angeweka alama.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo mtu atasema mtoto ni mjinga.

Kwetu sisi watu wa ng'ombe, hakuna anayesema nia ya mtu asiyekuwepo. Ukitaka kujua ninachotaka, nipo, niulize. Nikiwa nimesafiri, ngoja nirudi. Kusema "alitaka hivi, alitaka vile" ni kazi ya siku moja tu, siku ya kumaliza matanga. Siku hiyo familia inakaa, kibuyu cha maziwa kinawekwa karibu na mlango kwa ajili ya marehemu, na mkubwa wa nyumba anasema marehemu alitaka nini: ng'ombe huyu aende kwa nani, shamba lile libaki kwa nani. Akimaliza anauliza, "Tumesema vizuri?" Halafu watu wote wananyamaza, wanasikiliza. Padri anajua na anafanya kama hajui. Maziwa yale hayanywiwi na mtu. Jioni yanamwagwa mlangoni pa zizi.

Kwenye matanga ya mume wangu, kaka zake walisema alitaka ng'ombe wangu mweusi auzwe. Wakauliza kama wamesema vizuri. Maziwa katika kibuyu yakatetemeka, mikunjo midogo midogo, kama mtu mzito anapita karibu, na hapakuwa na mtu aliyesogea. Wengine walisema ni mlima wa moto unajigeuza kule ng'ambo ya Sake. Sawa, mlima wa moto. Lakini ng'ombe hakuuzwa.

Sasa kuhusu fromaji. Baba wa huyu msichana ni mtoto wangu wa mwisho. Alishuka Walikale, huko msituni, na kitunga cha fromaji mgongoni, kwenda kuziuza Mubi, ambako watu wa machimbo wanapita na hawana ng'ombe. Mvua ilikuwa imekata barabara, akaenda kwa miguu. Mtu mmoja alisema alimwona Mubi mbele ya duka akila mkate. Mwingine akasema si yeye. Tangu hapo hakuna aliyesema kitu. Msichana alikuwa mdogo, lakini alimsindikiza hadi mahali njia inapoingia kwenye mikaratusi, na ukungu ukamfunga baba yake mbele ya macho yake, mzigo ukiwa wa mwisho kupotea.

Sijamfanyia matanga. Nani amesema amekufa? Ng'ombe wake tunamkamua na kumwita ng'ombe wake. Na katika nyumba yangu hakuna mtu aliyewahi kusema, "Alitaka kurudi," au, "Alitaka kutuacha." Nilikataza. Atakuja kusema mwenyewe.

Haya nilimweleza mwalimu kwa kifupi. Hakunidharau. Alifikiri, akipangusa chaki kwenye vidole.

"Mwambie hivi, Mama," akasema. "Swali haitafute mwandishi alikuwa na nini mu roho. Inatafuta kujua haya maandiko inamufanyia nini mwenye kusoma."

"Na hii inamufanyia nini?"

"Kufurahisha. Ni hadithi."

"Wewe ilikufurahisha?"

Akatazama dirisha. Ukungu ulikuwa umeshapanda kutoka bondeni na kufuta choo cha shule. "Hapana sana," akasema.

Aliniambia pia, bila kunificha, kwamba maswali ya aina hiyo ni mengi kwenye mtihani, na anayeyaacha yote peupe haendi sekondari. Nikarudi nyumbani na neno lake, na nikafanya kitu ambacho mwalimu hakuniambia.

Nilijiambia hivi: mwandishi hana jina, kitabu ni cha zamani, basi amekufa. Aliyekufa ana njia yake. Nitamwekea maziwa, mtoto atasema nia yake, tutauliza kama tumesema vizuri, mambo yataisha. Nilijiona nina akili sana. Nikafukiza kibuyu kidogo kwa moshi wa majani, kama tufanyavyo vibuyu vyote vya maziwa, nikakijaza, nikakiweka karibu na mlango mchana uleule, nikamwita mjukuu wangu aje na kaye.

Akaona kibuyu. "Ni ya nani?"

"Ya ule mwenye aliandika. Soma, halafu sema alitaka nini. Hatakukasirikia."

Alinitazama vile anavyotazama. Akakaa kwenye kigoda, akaanza kusoma, sentensi kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili kwa ajili yangu. Mlango ulikuwa wazi. Nje hapakuonekana hata ua. Mbwa wetu alikuwa amelala kizingitini, na aliposoma mahali miguu inaposikika nyuma, mbwa akainua kichwa, akatazama upande wa njia. Hakubweka. Alitazama tu, kama anamtazama mtu anayemjua ambaye hajaamua kuja.

Msichana alifika pale mtu anapotoka pembeni na kusema, "Pita." Akanyamaza.

"Endelea," nikasema.

"Koko," akasema, ndivyo wanavyoniita wajukuu, "ile miguu ya nyuma ni yetu."

Nikamwambia asinitanie.

"Sikiliza. Nikisoma, anatembea, na mimi minatembea nyuma yake. Nikiacha, anasimama. Anasikia kama kuna muntu. Anasema nipite, na mimi siwezi kupita, juu sijue njia, yeye njo anaijua." Aliweka kidole kwenye mstari. "Sasa hivi amesimama. Anatungojea."

Nilitaka kumjibu kama mkubwa. Lakini nilikuwa nimeona kibuyu. Maziwa yalikuwa yanatetemeka, mikunjo midogo midogo kutoka katikati hadi ukingoni, kama siku ile. Naye aliona. Akafunga kaye, pap, na maziwa yakatulia.

Mlima wa moto, nikasema.

Jioni nilimwaga yale maziwa mlangoni pa zizi kama inavyotakiwa. Ng'ombe waliporudi walifika hapo na kusimama. Hawakukanyaga. Walizunguka mmoja mmoja, wakibanana kwenye mti wa ua, wakiacha mahali pa mtu mmoja. Ni ng'ombe wa mtoto wangu tu aliyesimama pale pale katikati, akateremsha kichwa, akanusa chini kwa muda mrefu.

Kuanzia hapo nikaanza kusikia miguu.

Si usiku. Mchana, nikipeleka maziwa kwenye nyumba ya fromaji, ukungu ukiwa chini. Miguu ya mtu mwenye mzigo, unaijua: kisigino kinatangulia, kinakaa. Nikisimama, inasimama. Nimekimbia vita zaidi ya mara moja, nimepita mbele ya kambi ya askari ya Mubambiro na godoro kichwani na watoto wakinishika sketi, sijawahi kuogopa miguu ya mtu. Ile niliiogopa kwa sababu haikuwa na haraka. Haikunifuata. Ilikuwa kama inaomba nitangulie.

Sikumwambia mtu. Siku moja tulikuwa tunaosha bidoni, msichana na mimi, akaniuliza kama vile anauliza mvua: "Na wewe unamusikia?"

Nikaendelea kuosha. "Ninamusikia."

"Njo maana siwezi kwenda ku egzame," akasema. "Wakinipa habari ingine, nikianza kusoma, ninasikia ule amesimama. Siwezi kusema mwandishi alitaka nini, na ule muntu hajafika kwao. Tulimuacha mu njia, Koko."

Mtihani ulikuwa kesho yake. Sare ya kuazima ilikuwa imepigwa pasi, inaning'inia. Nikafikiri juu ya wanawake wa pale kwenye pikipiki za maziwa, na jinsi watakavyoniuliza kwa upole, upole mbaya ule, kama mtoto ameumwa. Nikamfikiria yeye miaka yote ya mbele, akibeba bidoni za watu, na akili ile yote imesimama njiani ndani ya ukungu. Nikamwambia alete kaye.

Safari hii sikuchukua kibuyu. Nilienda zizini, nikamkamua ng'ombe wa baba yake kabla ya wengine wote, ndama akalalamika. Nikachukua vikombe vya bati vya chai, viwili, vile vya kila siku, nikaviweka mezani vitupu. Mlango nikaufunga, kwa sababu katika ile habari ulikuwa umefungwa. Yeye akasimama nyuma ya mlango, kaye mkononi, na kusoma kwa sauti ya mtu anayemwita mwingine avuke mto.

Hakurudi mwanzoni. Alianzia pale tulipomwacha.

Alisoma kwamba mtu yule alingoja, na hakuna aliyepita, basi akatangulia. Nje miguu ikaanza kutembea. Sisemi ilikuwa nini. Nasema niliijua ile njia, na nilisikia inapita kwenye matope ya mahali ng'ombe wanapokunywa, kisha kwenye majani, kisha kwenye changarawe za mbele ya jiko. Msichana alisoma polepole na miguu ikaja polepole. Alipokohoa, ikasimama. Akaendelea, ikaendelea. Mbele ya mlango wetu kuna jiwe lililolegea, kila mtu wa nyumba hii analijua na anaruka. Mgeni peke yake ndiye anayelikanyaga, na linagonga. Halikugonga. Tulisikia mtu anaruka.

Akasoma: mama yake akafungua mlango.

Nikafungua.

Ukungu uliingia ndani kama unavyoingia siku zote, ukapita kati yetu, ukafika mezani. Hapakuwa na mtu. Nilitazama mahali ambapo uso wa mtu ungekuwa. Kisha nikatazama nyuma yake, kwa sababu habari ilisema hivyo, na nyuma yake palikuwa na giza la mikaratusi na kitu ambacho huenda kilikuwa mti. Sikusema neno. Mjukuu wangu akasoma mstari wa mwisho, na mimi nikamimina maziwa katika vikombe viwili.

Tukakaa. Yeye akachukua kimoja akanywa, anywavyo mtoto aliyechoka, bila kuweka chini. Cha pili kikabaki upande wa mlango. Kilikuwa kinatoa mvuke, halafu mvuke ukakatika ghafla.

"Kikombe cha nani?" akaniuliza.

Hapo ndipo nikaona nilipofika. Nikikiacha kikae hadi asubuhi, ni maziwa ya marehemu. Nitakuwa nimemfanyia mtoto wangu matanga kwa mkono wangu, juu ya meza yangu, bila padri na bila ndugu, kwa sababu ya swali la shule. Na kesho mtu atakuwa na haki ya kusema alitaka nini.

"Ni yangu," nikasema. Nikakichukua na kunywa chote.

Alifunga kaye taratibu, akaenda kulala, na asubuhi alivaa ile sare na kupanda pikipiki kwenda Mushaki kwenye mtihani.

Aliporudi nilimkuta njiani, kwa sababu sikuweza kukaa. Nikamuuliza kama lile swali lilikuwepo. Lilikuwepo, chini ya habari ya nyuki.

"Na ukajibu?"

"Nimeweka 'kufundisha'. Ule wa nyuki alitaka tu tuache kuwapiga mawe." Akatembea kidogo. "Halafu nikamuuliza mu roho kama nimesema vizuri."

"Akakuambia nini?"

"Musimamizi akaniambia nitoe karatasi, wengine wametoka."

Alifaulu. Mwalimu alisoma jina lake mbele ya shule nzima, na mimi nilihakikisha kwamba asubuhi ya kwanza ya sekondari tunapita pale wanapofunga bidoni, ingawa si njia yake. Nilitembea polepole sana. Mwanamke mmoja aliniambia sketi ni ndefu. Nikamwambia ni kweli, elimu ni ndefu.

Miguu sijaisikia tena. Mtoto wangu hajarudi, na katika nyumba yangu bado hakuna anayesema alitaka nini. Mjukuu wangu sasa anajibu maswali yote, ya waandishi wenye majina na wasio na majina. Ana jambo moja tu ambalo hajaniuliza, na nadhani anajua asiniulize: yale maziwa yalikuwaje.

Nilikuwa nimeyakamua jioni ileile, yakiwa na joto la ng'ombe. Niliponywa yalikuwa baridi, na yalikuwa na harufu ya moshi. Vikombe vya bati sisi hatufukizi. Na moshi ule haukuwa wa mikaratusi yetu. Ulikuwa moshi wa kuni nzito, zenye maji, kuni za msitu wa Walikale, za moto ambao mtu ameuwasha kwa shida na amekaa karibu nao.